Mzee Aliyeuliza Njia

Alhamisi ile jua la mji wa Daegu lilikuwa la kuunguza ngozi, na Geum-sun alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ujana wake.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alivaa gauni la kitani la kijani alilolinunua akijiambia kwamba ni la harusi ya mwanawe, kisha akaanza kulivaa kabla harusi yenyewe haijapangiwa siku. Kando yake alitembea Tak Man-sik, mwanamume mwembamba mwenye nywele za mvi zilizochanwa vizuri na suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo ukasimama. Ndiye aliyekuwa ameshika mwavuli wa jua wa Geum-sun, ule wa maua, wala hakuona haya. Aliuinamisha upande mmoja ili kivuli chote kimwendee mwanamke, yeye akabaki na jua.

Walikuwa kwenye mtaa wa dawa za mizizi, ambako wenye maduka huanika magome na mizizi mlangoni, na harufu ya dawa zinazochemka ndani ya vyungu hukushika kwenye nguo mpaka ufike kwako. Man-sik alitaka kumnunulia kitu cha magoti. Geum-sun alimwambia magoti yake ni mazima, tatizo ni mtu anayemzungusha kwenye dansi kama pia ya watoto.

"Basi nitakuzungusha polepole," Man-sik alisema.

"Ukinizungusha polepole nitasinzia."

Man-sik akacheka kwa ile sauti yake ya chini, na Geum-sun akamtazama kwa pembe ya jicho, akaona jinsi mikunjo ya uso wake inavyokusanyika akicheka. Alipenda kuiona. Mara nyingine alitafuta neno la kuchekesha kwa ajili hiyo tu.

Walikutana majira ya baridi yaliyopita, katika ukumbi wa dansi ulioko chini ya ardhi, mtaa wa Hyangchon. Ni ukumbi wa mchana. Hufunguliwa adhuhuri na kufungwa kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu wanaokwenda kucheza pale wana wajukuu wa kuchukua shuleni na vidonge vya kumeza kwa wakati. Wanaume huja na suti walizostaafu nazo, wanawake hubadilisha viatu kwenye ngazi. Geum-sun alikokotwa huko na rafiki yake Mal-suk, akakaa ukutani ameshika kichupa cha maziwa ya mgando kama mtu anayemsubiri daktari. Ndipo Man-sik akaja, akainama, akamwuliza jina lake.

"Mama Jin-uk," alijibu.

"Hilo ni la mwanao. Mimi nauliza lako."

Geum-sun alikiweka kichupa chini. Nyumbani alikuwa Mama Jin-uk. Shuleni alikofundisha marehemu mumewe, aliitwa mke wa naibu mwalimu mkuu. Sokoni, alikouza magodoro na mablanketi kwa muda wote wa kumkuza mwanawe, walimwita yule wa mablanketi. Alipolitamka jina lake mwenyewe mbele ya mtu huyu asiyemjua, alijisikia kama amefungua kifungo cha kwanza cha shati. Usiku ule alijilaumu sana. Alhamisi iliyofuata akarudi.

Baadaye dansi peke yake haikuwatosha. Man-sik alikuwa ametia vitambaa rangi kiwandani maisha yake yote, na kwa maneno yake mwenyewe, Daegu aliyoijua ni barabara ya kwenda kiwandani na barabara ya kurudi. Geum-sun naye alijua soko na nyumba. Basi wakaanza kuutembelea mji wao wenyewe kama wageni. Geum-sun ndiye aliyechagua, na alichagua vizuri. Alimpeleka kwenye chumba cha chai cha ghorofani ambako hukuletea chai nzito ya mizizi na kiini cha yai kikielea juu yake. Alimpeleka mtaa wa mafundi wa vyuma, ambako katikati ya kelele za mashine kuna mume na mke wanaochoma nyama ya nguruwe kwenye makaa. Wakaenda kwenye vichochoro vya mlimani, ambako watu huanika pilipili juu ya mapaa, na kwenye kibanda cha fundi anayetia soli viatu vya dansi na si viatu vingine. Kila mahali Man-sik alishangaa kama mtoto. Alisimama, akashika kiuno, akasema kumbe mji wetu una mambo.

Na Geum-sun, akimtazama anavyoshangaa, alijua kwamba anampenda. Alijua, akaogopa, akanyamaza.

Siku hiyo walikuwa wamefika kwenye duka kubwa la mizizi ya ginseng pale kona. Mlango ukafunguka. Akatoka Bong-im, dada mkubwa wa marehemu mumewe, na nyuma yake akatoka Jin-uk akiwa amebeba sanduku lililofungwa kwa kitambaa cha hariri.

Geum-sun alikuwa amesahau. Jin-uk aliomba ruhusa kazini ili aende na shangazi yake kununua zawadi ya wazazi wa mchumba wake, Seo-rin. Familia mbili zilikuwa zikutane Jumapili ya wiki inayofuata. Alikuwa ameambiwa, tena mara mbili, ila hakuambiwa duka lenyewe ni lipi.

Mkono wake ulitangulia akili. Alimpokonya Man-sik mwavuli na kurudi nyuma hatua mbili. Man-sik akageuka, vidole vyake bado vimejikunja kama vimeshika mpini.

"Mama?" Jin-uk alisema.

Bong-im alikuwa mwanamke wa kutazama kwanza. Alimtazama Geum-sun, akalitazama gauni la kijani, kisha akamgeukia mwanamume, akampandisha na kumshusha kwa macho.

"Na huyu ni nani, wifi?"

Kulikuwa na nafasi ya kujibu vizuri. Geum-sun aliikumbuka nafasi hiyo baadaye, mara nyingi, jinsi ilivyokuwa kubwa. Angeweza kusema ni mtu ninayefahamiana naye. Angeweza hata kutaja jina tu, akaacha.

"Simjui, dada," alisema. "Ni mzee wa watu amepotea. Ananiuliza njia ya kwenda kituo cha treni."

Man-sik alimtazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalimtazama kwa muda mfupi tu, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa, kisha yakashuka chini. Geum-sun hakuweza kuyavumilia. Akanyoosha mkono, akaonyesha upande wa kwanza uliomjia.

"Nenda hivi moja kwa moja, mzee wangu. Ukifika mbele shika kushoto."

Kituo kilikuwa upande mwingine kabisa. Man-sik alikijua. Aliinama, akainama vizuri, kama anavyoinamiwa mtu mliyekutana naye leo.

"Ahsante sana, mama. Samahani kwa kukusumbua."

Akaondoka kwa njia aliyoonyeshwa, juani, kichwa wazi. Hakuwa amefika mbali Bong-im aliposema, bila kupunguza sauti:

"Amepotea wapi. Wazee wa siku hizi wakimwona mwanamke peke yake wote wanapotea. Na hiyo suruali, hebu itazame, imenyooshwa kama ya bwana harusi."

Na Geum-sun akacheka.

Hakulazimishwa. Angeweza kunyamaza, na Bong-im asingeona ajabu yoyote. Lakini alicheka kwa sauti, mkono mdomoni, kama walivyokuwa wakicheka wanawake wa sokoni wakimsema mteja aliyeondoka bila kununua. Alimwona Man-sik anapunguza mwendo. Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa nyekundu kwa jua. Kisha akaendelea kutembea.

Walikwenda kula tambi baridi, zile zinazoletwa na barafu ndani ya bakuli. Bong-im alizungumza kwa wote watatu. Alieleza kuhusu wazazi wa Seo-rin, kwamba baba yake ni mtu wa mila, hataki mchezo na jina la familia, na kwamba ameulizia kwa watu mama mkwe mtarajiwa ni mtu wa namna gani. Halafu akaweka vijiti chini. Kuna mtu, alisema, sitamtaja, ameniambia alimwona Mama Jin-uk akishuka ngazi za ukumbi fulani kule Hyangchon.

"Nikamwambia haiwezekani," Bong-im alisema. "Nikamwambia wifi yangu ni mjane wa naibu mwalimu mkuu. Mahali kama pale hata jina lake halijui. Nimekosea?"

"Hujakosea, dada," Geum-sun alijibu.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kumkana ndani ya saa moja. Barafu ilimyeyukia bakulini na hakumeza zaidi ya matonge matatu. Jin-uk alikula, macho kwenye chakula chake.

Baada ya kumshusha shangazi, Jin-uk aliendesha gari kuelekea kwa mama yake. Alikuwa kijana mpole wa benki, asiyependa maneno, amechukua kwa baba yake tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito. Walipofika kwenye taa za barabarani akakohoa.

"Mama. Yule mzee, unadhani alifika kituoni?"

Geum-sun alisema hajui, pengine alifika.

"Niliwaona nikiwa bado ndani ya duka," Jin-uk alisema. "Kwenye kioo. Alikuwa amekushikia mwavuli na wewe unamchekea. Nikamchelewesha shangazi makusudi. Nikajifanya sijalipenda lile sanduku, nikaomba waniletee jingine, ili mpite. Hamkupita."

Taa ziliwaka kijani. Gari la nyuma likapiga honi na Jin-uk akaondoka taratibu. Geum-sun alitazama mikono yake mapajani. Alitamani gari lisifike, na alitamani lifike upesi ashuke.

"Sitakudanganya kwamba nimefurahi," mwanawe aliendelea. "Sijafurahi. Nikifikiria picha ya baba pale sebuleni naona vibaya. Lakini hilo ni langu, nitashughulika nalo mwenyewe. Kilichonishinda ni kile kicheko, Mama. Mtu amekuokoa mbele yetu, ameinama, amekwenda njia ambayo siyo, na wewe ukamcheka mgongoni."

"Nilishikwa na aibu," Geum-sun alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mimi pia. Ila sikuona aibu kwa sababu yake."

Alimfungulia mlango walipofika, kama kawaida yake, akamuaga kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza Geum-sun kuliko kama angefokewa. Alipanda hadi kwake, akalivua gauni la kijani, akalikunja akaliweka chini kabisa ya nguo za majira ya baridi. Kisha akaketi sakafuni na uso wake ukawaka moto akiwa peke yake, ndani ya nyumba ambamo hamkuwa na mtu wa kumwona.

Alipiga simu jioni ile, haikupokelewa. Asubuhi ya Ijumaa ikapokelewa.

"Nilifika salama," Man-sik alisema kabla hajaulizwa. "Usihangaike."

Geum-sun akaanza kuomba radhi, akachanganya maneno, akaanza upya. Man-sik alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo kama hayo si ya kwenye simu. Alikuwa anakwenda kunywa chai ya yai. Kama anapenda, aje.

Man-sik alikuwa amekaa kwenye meza ya ndani, ile ya mbali na dirisha, ambayo siku zote ilikuwa yao. Mwenye nyumba ya chai, mwanamke mnene aliyepaka nywele rangi ya kahawia, aliwaletea vikombe akawatazama wote wawili, akaenda zake bila utani aliouzoea. Geum-sun aliinama hadi paji la uso likakaribia meza.

"Nilikukana," alisema. "Na nilikucheka. Sina cha kujitetea nacho."

"Inua kichwa, Bi Geum-sun."

"Siwezi."

"Basi sikiliza hivyo hivyo." Man-sik alikoroga chai yake taratibu, akikizunguka kiini cha yai bila kukipasua. "Kunikana nilikuelewa pale pale. Mjane, mtoto anaoa, wifi amesimama mbele yako. Ndiyo maana niliinama. Ningekuwa mimi, huenda ningesema hivyo hivyo. Kicheko kiliniuma, siwezi kusema hakikuniuma. Lakini hata hicho kingepita."

"Sasa?"

"Sasa ni hivi. Nilikwenda ile njia uliyonionyesha. Sikuweza kugeuka, maana ningepita tena mbele yenu. Nikaenda tu, nikatokea barabara kubwa, kule kwenye maduka ya vioo, watu wamejaa, vijana kwa wazee. Nikakaa kwenye benchi. Nikawa natazama watu wanavyopita wawili wawili wameshikana mikono, nikajiuliza, mbona huku mimi na Bi Geum-sun hatujawahi kufika? Ni karibu hivi."

Geum-sun aliinua kichwa. Alikwisha kujua kinachokuja.

"Nikapitisha akilini kila mahali tulipokwenda," Man-sik alisema. "Chini ya ardhi. Ghorofani. Nyuma ya karakana. Mlimani kwenye vichochoro. Mimi nilikuwa nafurahi, unajua. Niliwasimulia wenzangu kwenye nyumba ya kuoga ya umma. Niliwaambia kuna mwanamke anazijua pembe za Daegu ambazo ninyi wazaliwa hamjazisikia. Niliringa kabisa. Nilidhani tunautembelea mji." Akaweka kijiko chini. "Kumbe tulikuwa tunajificha ndani yake."

Geum-sun alitaka kusema si kweli. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini aliyaona mambo yote kwa mpigo: jinsi alivyokuwa akikaa Jumatano usiku akifikiria mitaa, nani anaishi wapi, wanafunzi wa zamani wa mumewe wana maduka wapi, waumini wa kanisa la Bong-im wanapita wapi. Jinsi alivyofuta mtaa huu na ule, mpaka abaki na pembe isiyo na mtu wake. Kisha Alhamisi akaja na uso wa mtu mwenye zawadi. Na Man-sik akashika kiuno akashangaa. Kila alichokishangilia mtu huyu kilikuwa ni hofu yake yeye.

"Ni kweli," alisema.

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa sababu aliona kuyafuta ni kujionea huruma. Man-sik alisogeza leso juu ya meza. Hakumshika mkono. Siku nyingine angemshika.

"Sikuombi ndoa," Man-sik alisema. "Sikuombi unipeleke kwa hao wakwe. Umri wetu huu hata kesho hatuijui. Lakini siwezi tena, Bi Geum-sun. Nilipoinama jana nilijiona. Mzee mzima nimevaa vizuri, natoroka kama nimeiba. Mke wangu, Mungu amrehemu, asingenitambua."

Alisimama, akavaa kofia yake, akamuaga mwenye nyumba ya chai. Geum-sun alimwita alipofika mlangoni, akamwita jina tupu, bila Bwana, mbele ya meza mbili za wateja.

"Man-sik. Kesho saa sita mchana njoo soko la Seomun. Lango kubwa."

Man-sik alisimama. "Kule si wanakujua?"

"Wote."

Hakusema atakuja. Alishuka ngazi, na Geum-sun akazisikia hatua zake mpaka zikapotelea barabarani.

Siku ya pili alifika sokoni mapema, amevaa blauzi ya kawaida na suruali aliyozoea kuvaa alipokuwa akiuza mablanketi. Alisimama langoni katikati ya mikokoteni na makelele, na ukweli ni kwamba aliomba Man-sik asije. Aliomba kwa moyo wote. Angerudi nyumbani, angelia, angejiambia kwamba alijaribu. Hata alipokiona kichwa chake cha mvi kikivuka barabara, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutafuta kwa macho mahali pa kujificha.

Man-sik alisimama kwa mbali. Alikuwa na suruali ile ile yenye mkunjo. Hakujua kama asalimie au apite, ilionekana wazi, na Geum-sun alimwona anatazama pembeni, anampa nafasi.

Basi akamwendea yeye. Akainama kwanza.

"Twende, Bwana Man-sik. Huku ndiko nilikozeekea."

Waliingia upande wa matandiko. Hatua ya kwanza tu, Mama Dong-cheol, muuza soksi waliyepakana naye tangu vijana wao wakiwa wanatambaa, aliinuka kwenye kigoda chake.

"Mama Jin-uk, umetuacha mpaka tukadhani umehamia Seoul." Macho yake yakaenda kando. "Na huyu bwana?"

Damu ilimpanda Geum-sun usoni, ikafika masikioni. Aliwaona wa duka la mapazia wameacha kukunja, aliwaona wa duka la mito wamegeuka. Nusu yao walikuja kwenye mazishi ya mumewe.

"Anaitwa Tak Man-sik," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudisha. "Ni mtu wangu. Tunacheza dansi pamoja kule Hyangchon, kila Alhamisi."

Mama Dong-cheol alimtazama Man-sik, akaitazama suruali, akamrudia yeye.

"Dansi? Wewe uliyekuwa ukipanda ngazi ya stoo huku unamwita mama yako?"

"Mimi huyo."

"Haya," Mama Dong-cheol alisema, akakaa tena polepole. "Haya." Kisha, kwa vile mkono wake haukujua kufanya kitu kingine, akamwonyesha Man-sik jozi ya soksi za pamba, akamweleza kwamba hizi hazitoi jasho.

Wakapita. Nyuma yao minong'ono ilianza kabla hawajafika kona. Geum-sun alikuwa amewahi kusikia watu wakisema kwamba ukishasema la moyoni mzigo unashuka. Wake haukushuka. Aliyahisi macho mgongoni kama anavyohisi mtu aliyetembea na sindano iliyosahauliwa kwenye nguo, na kila duka walilopita alilazimika kuanza upya: huyu anaitwa Tak Man-sik. Mwingine alicheka kwa wema. Mwingine akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Muuza mapazia akamuuliza, kwa sauti ya upole iliyo mbaya kuliko matusi, kwamba na Jin-uk anajua?

"Anajua," Geum-sun alisema.

Walikaa kwenye mabenchi ya tambi, katikati kabisa, pale ambapo njia nne za soko hukutana na watu hula bega kwa bega. Mpishi aliwakatia tambi kwa kisu, akawawekea mabakuli mawili yanayofuka moshi kwenye joto lile. Man-sik alimsogelea.

"Una aibu," alisema taratibu.

"Nakufa nayo."

"Tunaweza kuondoka. Nimeshaona. Inatosha."

"Kula."

Hapo simu ikalia. Geum-sun aliitoa, na wote wawili wakaliona jina la Bong-im kwenye kioo. Mtu alikuwa ameshampigia, hata kabla wao hawajagusa chakula. Simu iliendelea kulia. Wanawake wa benchi la mbele waliacha kutafuna.

Na Man-sik alishika bakuli lake kwa mikono miwili akalisogeza. Alilisogeza kidogo tu, upande wa yule mteja mwingine, akageuza bega, akainamisha uso kwenye mvuke, kama mzee aliyekuja kula peke yake na kukuta nafasi hapo. Alikuwa anamwachia njia tena. Alifanya hivyo upesi, bila kinyongo, na upesi huo ulimchoma Geum-sun kuliko yote aliyoyasikia tangu Alhamisi, kwa maana alijua ni nani aliyemfundisha.

Geum-sun alinyoosha mkono, akalivuta lile bakuli likarudi mpaka likagongana na la kwake. Mchuzi ukamwagika mezani. Akapokea simu.

"Dada," alisema. Upande wa pili maneno yalitoka mfululizo, na akayaacha yatoke. "Ndiyo, ni kweli. Na juzi pale mgahawani nilikudanganya, na kule kwenye ginseng pia." Akasikiliza. "Ndiyo, yuko hapa, amekaa kando yangu. Hapana, dada, siwezi kuongea zaidi, nakula. Nikimaliza nitakuja kwako, nitakaa chini, utanigombeza uchoke. Na wakwe wakiuliza, nitawajibu mwenyewe."

Alikata simu. Akachukua vijiti, vikamponyoka. Man-sik aliviokota, akavifuta kwa karatasi, akamrudishia mkononi. Hawakutazamana. Tambi zilikuwa zimekaa mno kwenye mchuzi, zimevimba na kulainika, hazina utamu wowote. Geum-sun alizila zote.